Kufuli Lenye Huruma
Wanaolaumu makufuli ya kidijitali hawana shukrani. Mwaka 2019, Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu, vitabu vilivyonunuliwa humo viligoma kufunguka. Lakini wateja walirudishiwa fedha, na walioandika maelezo pembeni wakaongezewa dola 25. Ni muuza vitabu gani mwingine, akifunga biashara, hupita nyumba kwa nyumba kuwapunguzia wateja mzigo wa rafu? Mtasema haramia wa vitabu hakuguswa, nakala yake inasomeka hadi leo. Haswa! Yeye hakutia saini mkataba wowote. Adabu hufunzwa aliyelipa. Nayo Amazon, mwaka 2009, ilipofuta nakala zisizo na kibali kwenye Kindle za wasomaji, haikuisahau riwaya ya 1984 ya George Orwell. Nani bado atadai wauza vitabu hawasomi?