Muulize Mjomba Mjuzi: Kulipa Ili Kutazama Ndege

Mjomba, mchumba wangu anataka twende Crescent Island, Naivasha, tukatazame ndege. Kiingilio ni pesa, mashua ni pesa. Kwetu ndege wanatua juu ya bati bure. Nimkatalie vipi bila kuvunja uchumba? Ni mimi, Mkono wa Birika, Nakuru.

Mkono wa Birika, una bahati: barua yako imemfikia mshauri pekee katika Bonde la Ufa anayemudu mapenzi, mahari na elimu ya ndege kwa pumzi moja. Mshauri wa kawaida angekwambia uzungumze na mwenzako kwa upole. Upole haujawahi kumsaidia mtu kumtofautisha mnandi na mwari. Tuanze na hesabu yako, ambayo ni mbovu. Ndege wa juu ya bati ni wale waliokwisha kutuzoea: shomoro, kunguru, kwarara mwenye kelele za alfajiri, na yule korongo mkubwa mwenye kipara anayekula jalalani. Hao huishi popote penye makombo. Naivasha unalipia mahali ambapo mtu amejizuia kufyeka, kulima na kujenga. Kujizuia huko kuna gharama, maana kando ya ziwa lile ardhi inapandwa waridi za kupelekwa Ulaya, au inamea hoteli usiku mmoja.

Litazame ziwa lenyewe. Maji yake ni matamu ingawa halina mto unaotoka. Malewa na Gilgil huingia, kisha maji hupenya chini kwa chini. Utamu huo ndio unaoleta samaki, na samaki ndio wanaowaleta furukombe, mwari na mnandi. (Anayekwenda huko kutafuta maelfu ya heroe amepotea njia: heroe hupenda maji ya magadi. Ushauri huo sikutozi.) Crescent Island ni ukingo wa kasoko ya volkeno iliyozama, ndiyo maana ikawa na umbo la hilali. Mwaka 1995 ziwa liliingizwa katika Mkataba wa Ramsar unaolinda ardhioevu, lakini mkataba haushiki panga la mtu. Mafunjo yaliyolizunguka yamepungua sana, na ndege anayetaga ndani ya mafunjo hawezi kuhamia kwenye bati lako. Sehemu kubwa ya ufuko iko mikononi mwa watu binafsi, kwa hiyo ndege hukaa au huhama kwa uamuzi wa mwenye hati, na kiingilio chako humpa sababu ya kuamua vizuri. Hoja hii ni yangu. Ukiisikia bungeni, ujue wameisoma hapa.

Utanijibu kwamba hizo ni nyua za matajiri. Hoja nzito, nami huzipenda hoja nzito kwa kuwa huninenepeshea sifa. Nakubali nusu yake: mvuvi na mfugaji waliofungiwa njia ya majini hawashibi kwa sauti ya ndege, na mwenye shamba asiyemwajiri hata jirani anastahili lawama. Lakini zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya wanaishi nje ya mbuga za serikali. Tukizikataa ardhi za watu binafsi na za jamii, watakwenda wapi? Utasema tena kwamba nahodha hupiga mluzi na kumrushia furukombe samaki, basi yote ni maigizo. Mchezo huo upo, na picha zake hupendeza. Mwambie aache, msubiri. Na simu isicheze milio ya ndege: mwenye kiota hudhani mpinzani kaingia, akaacha makinda akatafute ugomvi.

Sasa dawa. Uwe tayari mapema asubuhi, kabla jua halijachoma. Kati ya Novemba na Machi utawakuta pia wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Darubini ya 8x42 inatosha: inakuza mara nane, na lenzi ya milimita 42 hukusanya mwanga hafifu wa asubuhi. Vaa kaki. Kipara, kama unacho, kipake matope kisimulike. Usile maharage usiku uliotangulia, kwani kimya kina masharti. Simba hakuna kisiwani, mtatembea kwa miguu kati ya twiga na pundamilia, ila viboko wapo: usijiweke kati ya kiboko na maji. Laiti wazee wangeniuliza, ningefuta vikao vyote vya posa na kuwapandisha wachumba mashuani saa mbili bila neno. Furukombe dume na jike hukaa pamoja miaka kwa miaka wakiitikiana. Wewe unashindwa na kiingilio?

Mhariri anasema nafasi imekwisha, jambo linalowapata wajuzi tu. Hukumu: lipa, tena lipa na ya mchumba. Mwenye kunipinga aandike, kwa mwandiko unaosomeka.