Mita Mbili za Bibi

Anayemezeshwa iodini ya mionzi kutibu tezi ya shingo Dar es Salaam, pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, hurudi nyumbani na masharti yaliyotungwa kwa ajili ya mtu mwenye chumba chake, kitanda chake na choo cha kuvuta maji. Lala peke yako. Kaa mbali na watoto na wajawazito. Vuta maji mara mbili. Usichangie chombo. Msomaji wa Songambele, kule Kyerwa, atacheka kwanza. Lakini nadai kwamba kijiji kinayaweza masharti haya kuliko chumba cha kupanga Kariakoo, na kinachokwamisha ni adabu zetu tu.

Tuanze na choo, maana ndicho kinachotia watu wasiwasi. Iodini ambayo tezi ya shingo haikuichukua hutoka zaidi kwa mkojo, nyingi katika siku 2 za mwanzo. Choo cha shimo nyuma ya migomba hakina cha kuvuta, ila pia hakipakani na kitanda cha mpangaji mwenzako. Mgonjwa achuchumae (wanaume, kusimama na kurushia pembeni ndiko kunakokatazwa), amwage maji sakafuni, anawe mikono. Kilichozama shimoni kinajifia humo, kwani iodini 131 hupungua nusu kila siku 8. Nafasi nayo haina kodi kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani: ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2, mionzi inayokufikia hubaki kama robo.

Kazi ipo kwa watu. Maradhi ya tezi huwapata zaidi wanawake, kwa hiyo anayerudi mara nyingi ni mama au bibi, yule ambaye mapaja yake ndiyo kitanda cha mjukuu. Na tezi changa ya mjukuu ndiyo inayoumizwa upesi na mionzi. Haya, mweleze mtoto wa miaka 3 habari za robo wakati bibi ameshuka na mkate wa Dar! Wageni nao wanakuja kutoa pole: mikono, kukumbatiana, kahawa ya kutafuna inazunguka, sinia la ndizi na maharage katikati na vidole vya wote humo. Akijitenga na sinia, mji umemharibu. Akilala peke yake wiki nzima, babu ataitwa kwenye kikao cha ukoo.

Wapo watakaosema heri kunyamaza, maana ukitaja mionzi watu watakuja usiku kuchungulia kama bibi anawaka. Naona kinyume. Kimya ndicho kinachomleta mganga. Bibi aseme wazi kwamba ni dawa, haiambukizi, na daktari ameandika tarehe ya mwisho. Mbona mzazi aliyejifungua hukaa ndani siku zake na hakuna anayemdai maelezo ya kisayansi. Atakayeuliza kwa nini ameze kitu cha hatari ajibiwe kwamba tezi yake inayoumwa hufaidika nacho. Mjukuu hafaidiki na chochote.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la basi. Zaidi ya kilomita 1,000 bega kwa bega na abiria asiyejua kitu, hapo kibanja hakisaidii. Safari hiyo aambiwe daktari kabla dawa haijamezwa, apange mgonjwa abaki Dar hadi lini. Na kama ndugu wa Dar ana chumba kimoja na watoto, hilo nalo lisemwe. Aambiwe pia habari za gari la mchomoko la kutoka Omurushaka hadi kijijini, ambamo kiti cha mbele cha mtu mmoja hukaa wawili, na dereva bado anamwona wa tatu.