Nyanya za Nili Bwizibwera

Kuna mambo ambayo wanadamu wamekwisha kuafikiana bila kuitisha baraza wala kutia saini, na mojawapo ni kwamba nyanya sharti iwe nyekundu. Maana mtu atakula ndizi ya aina asiyoijua, na atavaa kitambaa cha rangi isiyo na jina, lakini mwekee mezani nyanya nyeusi, na swali lake la kwanza litakuwa imekufa kwa maradhi gani.

Haya nayasema kwa ithibati, tangu mpwa wangu, aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kabla ya kuhamia Marekani, aliponiletea mbegu za nyanya iitwayo Indigo Rose, akinisifia kuwa ni nyanya ya bluu. Sifa hiyo ina chumvi kidogo, kwani rangi yenyewe ni zambarau iliyokolea hata ikakaribia nili. Lakini asili yake ni ya heshima. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, akiwamo Jim Myers, waliifuata nasaba ya nyanya za mwituni za Chile na za visiwa vya Galápagos, wakaziozesha kwa nyanya za bustani, vizazi kwa vizazi, hata mwaka 2012 mbegu zikawafikia watu wa kawaida. Na rangi iliyopatikana ni ya jamii ile ile ya weusi wa zambarau tuuonao katika ganda la biringanya na katika tunda bivu la mnavu.

Niliipanda nyuma ya nyumba yangu hapa Bwizibwera, Uganda, ambapo barabara ya kutoka Mbarara kwenda Ibanda hupita katikati ya migomba, na ambapo habari ya jambo geni husafiri upesi kuliko teksi. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yangu, askari mstaafu, ambaye Kiswahili chake ni cha kambini na rai zake kadhalika. Aliinama, akalilamba dole gumba lake, akalisugua tunda, rangi isitoke. Akalikwaruza kwa ukucha. Ndani akakuta kijani. Kisha akalichuma, akakibandua kikonyo na majani yake madogo, na chini yake, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, tukaona nyota safi ya kijani kibichi, ncha zake zimechongoka kana kwamba zimepigwa kwa rula.

“Mwalimu,” akasema kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi, “hapa rangi ilikwisha?”

Nikamweleza kwamba tunda hili halipati rangi ila kwa mwanga wa jua, kwa hiyo popote lilipofunikwa, iwe na kikonyo, iwe na jani lililolala juu yake, hubaki na rangi ya nyanya nyingine zote. Afande alinisikiliza kwa taadhima, akaliweka tunda mfukoni, na jioni ile ile mji mzima ukapata habari kwamba Mwalimu anapaka nyanya rangi, ila hafiki pembeni.

Fauka ya hayo, nyanya hii humtaabisha hata yule anayeiamini. Nyingine hukujulisha kuwa imeiva kwa kugeuka nyekundu. Hii huwa nyeusi ingali changa, ngumu kama kokoto, na ikabaki hivyo kwa majuma, mpaka siku ile isiyotangazwa ambapo weusi wake hupungua mng’ao na kitako chake, kilichofichwa na kivuli, kikawa chekundu. Watoto wa nyumbani, ambao hawana desturi ya kuinama kutazama vitako vya nyanya, walichuma kwa kufuata weusi. Kachumbari iliyopatikana iliwafumba macho wageni wote kwa pamoja, na mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kwa siku chache, akakumbuka ghafula kwamba ana mbuzi wa kuangaliwa kwake.

Akaja mgeni mwingine, huyu akitoka Mbarara mjini kwa makusudi, aonje mchuzi wa bluu. Mke wangu alikaanga kitunguu, akatia nyanya zilizoiva sawasawa, na mchuzi ukatoka mwekundu kama wa kila siku, kwa kuwa nili ya nyanya hii iko kwenye ganda tu. Nilimweleza mgeni kwamba aliyoisikia labda ni ile ya Uingereza, ambayo Cathie Martin na wenzake mjini Norwich waliitangaza mwaka 2008 baada ya kuitia chembe za urithi za ua, ikawa zambarau hata nyama ya ndani. Alikula, akashukuru, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyelipa nauli kuona simba akaonyeshwa paka.

Hapo ndipo nilipoazimia kuichanganya Indigo Rose yangu na Moneymaker, nyanya ambayo wakulima wa Uganda wameizoea, nikitaraji kupata mwana mwenye rangi ya baba na uvumilivu wa mama. Kazi hiyo hufanywa alfajiri. Ua la nyanya hujitosheleza, maana hubeba chavua yake mwenyewe. Basi yakupasa ulifungue kabla halijakomaa, uking’oe kijibomba chake cha manjano, kisha ulipake chavua ya mgeni. Chombo kinachofaa ni kibanio cha nyusi cha mke wangu. Waliopita njiani wakienda kukamua ng’ombe walimwona mzee mzima akiinyoa nyanya nyusi, na kila alipomaliza ua akilifunga uzi mwekundu ili asilisahau. Sikuwaambia ni uzi wa alama, wala hawakuuliza. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuiba bustanini kwangu hata bamia, na jirani mmoja alikuja usiku kuniomba uzi kidogo kwa ajili ya migomba yake.

Mvua zilipogeuka nikapanda mbegu zilizotokana na ndoa hiyo. Matunda yakatoka mazuri, mengi, na mekundu, yana kiwingu hafifu tu mabegani. Mke wangu alifurahi mno. Shemeji yangu akayapeleka kuyauza Nakivale, sokoni Base Camp, na Wakongomani, Warundi na Wasomali wakayanunua kwa mafungu bila swali hata moja, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya kilimo changu.

Lakini padri Gregor Mendel, aliyechapisha habari za njegere zake mwaka 1866, alikwisha kutuonya kuwa kilichofichika kwa mwana hudhihiri kwa mjukuu. Kwa urithi wa nyanya hii, katika kila mbegu 16 zilizomo ndani ya matunda yale mekundu, yapata 3 zitazaa nyanya nyeusi kama za babu yao. Na Nakivale, ambako wakimbizi wamekuwa wakipokewa na kugawiwa viwanja tangu mwisho wa miaka ya 1950, ni nadra kuona nyumba ambayo maji ya jikoni hayamwagwi mahali fulani ubavuni mwake, pamoja na mbegu za nyanya, na ni nadra mahali hapo pasiote kitu. Mke wangu amekwisha kutangaza kwamba kazi yangu imefaulu, maadamu nyanya zimekuwa nyekundu. Hesabu hii sijamweleza bado. Naziachia mvua za Machi zimweleze.