Jinsi ya Kuupa Umma Monet Yako Bila Kuiachia

Tuseme una Monet sebuleni. Uliinunua kabla bei hazijapaa, au aliinunua babu alipokuwa akifanya biashara ya sukari, au ni habari ambayo hupendi kuizungumzia mbele ya wageni. Picha ni nzuri, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba watu wa bima hawaishi kupiga simu, watoto wameanza kuitazama kwa jicho la mnada, na kila mgeni anayeisogelea na glasi ya mvinyo mwekundu anakupandisha presha. Basi wakati umefika wa kuwashirikisha wananchi. Usiogope. Ukiufuata mwongozo huu utatoa kila kitu na hutapungukiwa na chochote.

Kwanza kabisa, usitoe mapema. Aliyeponzwa na haraka ni Gustave Caillebotte wa Paris, mchoraji mwenye urithi mnono, aliyekuwa akinunua kazi za rafiki zake, akina Renoir, Monet na Pissarro, siku ambazo uimpresionisti ulikuwa jambo la kuchekwa. Mwaka 1876, akiwa na miaka 28 tu, aliandika wosia wa kuiachia serikali ya Ufaransa picha zake. Sharti lilikuwa zisifichwe darini wala zisipelekwe makumbusho ya mikoani: ziingie makumbusho ya Luxembourg mjini Paris, baadaye Louvre. Akaongeza kwa busara kwamba pengine ingebidi ipite miaka 20 au zaidi, watu wapate kuzizoea.

Alifariki mwaka 1894. Ilikuwa imepita miaka 18, na serikali ilikuwa bado haijazizoea. Renoir, aliyeachiwa kusimamia wosia, alihangaika na maafisa weee. Jean-Léon Gérôme, mkubwa wa wachoraji wa shule ya zamani, alikuja juu kwamba taifa linataka kupokea uchafu. Mwishowe, kati ya picha zaidi ya 60, zilichukuliwa karibu 40, zikatundikwa Luxembourg mwaka 1897 katika chumba kilichoongezwa pembeni. Nyingine zilirudi kwa familia. Familia ilizipeleka tena baadaye, ikaambiwa ahsante, hapana. Mwaka 1928 serikali ilikuja yenyewe kuziulizia, na safari hiyo ni familia iliyosema ahsante, hapana. Kwa hiyo subiri uombwe. Ukiombwa kwa barua, ngoja ualikwe chakula cha usiku.

Kama unaishi Marekani, onana na mhasibu kabla hujaonana na mkurugenzi wa makumbusho. Sheria ya kodi ya kule, kwa masharti yake, inamruhusu mtoaji kupunguza kwenye mapato yake thamani ya picha sokoni leo, si bei aliyoinunulia. Picha iliyonunuliwa kwa bei ya gari na sasa ina thamani ya mtaa mzima huamsha ukarimu wa ajabu msimu wa kodi ukikaribia. Utamu wenyewe, hata hivyo, ulikuwa katika kutoa kwa mafungu. Unatoa robo. Turubai halikatwi, unatoa robo ya umiliki, na makumbusho yanapata haki ya kukaa na picha miezi mitatu kwa mwaka. Miezi tisa iko kwako. Picha inakuwa na nyumba mbili na zamu, sawasawa na mume wa mitala. Bei ikipanda unatoa robo nyingine, kwa bei mpya. Zikaanza kusikika nong'ono kwamba kuna nyumba ambayo zamu yake haifiki, na mwaka 2006 Bunge la Marekani likaamka: zawadi ikamilike ndani ya miaka 10 au kabla mtoaji hajafa, makumbusho yakabidhiwe picha kweli, na fungu la pili lisihesabiwe kwa bei iliyopaa. Tangu hapo ukarimu wa mafungu umepungua sana. Sijui kwa nini.

Kama unadhani kodi na sanaa haviendi pamoja, mtazame Henry Bloch wa Kansas City, mmoja wa waanzilishi wa H&R Block, kampuni inayowajazia Wamarekani fomu za kodi. Picha zao 29, yeye na mkewe, zilikwenda makumbusho ya Nelson-Atkins, na kumbi zenye jina la familia zikafunguliwa mwaka 2017. Nyumbani zikatundikwa nakala. Hilo ndilo jibu lako kwa anayeuliza ukutani patabaki nini.

Sasa masharti, na hapa usione haya. Walter Annenberg, tajiri wa jarida la TV Guide aliyewahi kuwa balozi wa Marekani mjini London, alitangaza mwaka 1991 kwamba atayaachia makumbusho ya Metropolitan ya New York picha zaidi ya 50, zilizokadiriwa kufikia dola bilioni moja. Zikae pamoja, katika kumbi zake, na zisiazimwe. Alifariki mwaka 2002. Tangu hapo, mji wowote duniani ukitaka kuazima moja kwa maonyesho ya miezi mitatu, jibu limeshatolewa na marehemu.

Anayetaka kubobea amsome Albert Barnes. Utajiri wake ulitokana na Argyrol, dawa ya kuua vijidudu. Mwaka 1922 aliweka wakfu huko Merion, nje kidogo ya Philadelphia, na mkusanyo wake ulifikia Renoir 181 na Cézanne 69, mojawapo ikiwa picha ya waogaji wakipumzika, ambayo Ufaransa iliikataa kwenye wosia wa Caillebotte. Umma ulikaribishwa, isipokuwa wale ambao Barnes hakuwapenda: wahakiki, maprofesa na matajiri wenzake. James Michener, mwandishi mashuhuri, alisimulia kwamba aliomba kuingia akiwa mwanafunzi akakataliwa, kisha akaandika akijifanya kibarua wa kiwanda cha chuma, mlango ukafunguka. Ndani, Barnes alizipanga picha kwa akili yake mwenyewe: fremu zimebanana kutoka juu hadi chini, na katikati yake bawaba za milango, vitasa na makufuli ya kale, kana kwamba fundi seremala alisahau mkoba wake ukutani.

Akaagiza kwamba akishakufa pasisogezwe kitu. Gari lilimuua mwaka 1951. Fedha za kuuendesha wakfu zikapungua, kesi zikarindima, na mwaka 2004 jaji akaruhusu mkusanyo uhame. Mwaka 2012 ulifunguliwa katikati ya Philadelphia, na vyumba vimejengwa upya kwa vipimo vilevile, kila kufuli karibu na Renoir yake ileile. Wapo wanaolia mpaka leo kwamba marehemu alidhulumiwa. Mimi naona alitendewa wema kuliko yeye alivyowatendea wengi waliogonga mlango wake.

Suala la pesa ilikotoka, lipitie haraka, wageni wasije wakasimama hapo. Sukari haina maneno sana: Louisine Havemeyer, mjane wa tajiri wa sukari, aliiachia Metropolitan hazina kubwa mwaka 1929, na leo watu wanamkumbuka kama rafiki wa mchoraji Mary Cassatt. Silaha ni ngumu zaidi. Emil Bührle alitengeneza mizinga jijini Zürich, akaiuzia Ujerumani ya Hitler, kisha akanunua Cézanne, Monet na van Gogh. Baadhi ya picha alizonunua zilikuwa zimeporwa kutoka kwa Wayahudi. Kunsthaus Zürich ilipofungua jengo jipya mwaka 2021 na kuzipa picha zake nafasi ya heshima, kelele hazikukoma. Jina la mtoaji lilikuwa kubwa ukutani, maelezo yakawa madogo.

Na weka kioo. Oktoba 2022, wanaharakati wa mazingira waliimwagia viazi vya kuponda picha ya Monet ya malundo ya nafaka katika makumbusho ya Barberini mjini Potsdam. Ni mali ya mkusanyo wa tajiri Hasso Plattner, na mwaka 2019 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 110.7. Kioo kikaokoa picha.

Limebaki la makaratasi, na hapa nakuomba utulie umsikilize Hugh Lane. Alikuwa mfanyabiashara wa sanaa, Mwairishi, na alikuwa na picha 39, ikiwamo ile ya Renoir ya miavuli. Alitaka kuzipa Dublin. Dublin izijengee nyumba. Akapendekeza jengo la daraja, limekaa juu ya mto Liffey. Mwaka 1913 halmashauri ya jiji ikakataa. Lane akasusa, akazipeleka National Gallery ya London, akaandika wosia kuipa London. London nayo ikaona ni 15 tu zinazostahili kutundikwa. Lane akasusa mara ya pili, akairudia Dublin: Februari 1915 aliandika nyongeza ya wosia akazirudisha Ireland, akatia saini, akaifungia kwenye dawati lake la kazi huko Dublin. Mei 7 alikuwa ndani ya meli ya Lusitania ilipozamishwa na Wajerumani.

Dawati likafunguliwa, karatasi ikaonekana, mwandiko ni wake, saini ni yake. Mashahidi hawapo. London ikasema sheria ni sheria. Mama yake mdogo, Lady Gregory, alipigania picha hizo hadi alipofariki mwaka 1932. Mwaka 1956 kijana mmoja mwanafunzi wa Kiairishi aliingia makumbusho ya Tate mjini London akatoka mchana kweupe na mojawapo ya picha hizo, kazi ya Berthe Morisot, mkononi, mpigapicha akimsubiri nje. Siku chache baadaye ilipatikana ubalozi wa Ireland. Mwaka 1959 wakapatana kugawa picha mafungu mawili, yapokezane Dublin kila miaka mitano. Mkataba umefumuliwa na kushonwa upya mara kadhaa tangu hapo, na miavuli ya Renoir imevuka bahari mara nyingi kuliko mabaharia wengine.

Kwa hiyo ukishamaliza kuandika yote, ita mashahidi wawili wakuone ukitia saini, nao watie zao. Mpishi na dereva wanatosha. Hakikisha tu hujawaandikia urithi humo, maana sheria hiyohiyo itawanyang'anya.