Nani Aliacha Maji Kwenye Chupa?

Katika mbio za bagi za rimoti zinazotumia nitro, mtu pekee wa familia anayerudi nyumbani msafi ni dereva. Yeye husimama jukwaani na wenzake, rimoti mkononi, macho uwanjani. Chini ya jukwaa, kando ya njia ya piti, ndiko wanakochuchumaa akina baba, wajomba, wachumba na, kwa masaibu ninayoyasimulia, mama mtu. Gari likishinda, anayepigwa picha ni dereva. Likizima, watu wote humgeukia aliyejaza mafuta.

Sisi ni watu wa Tanga tunaoishi Ujerumani, na nyumba yetu si yetu tena. Bagi lenyewe ni la kipimo cha 1:8, kilo tatu na ushee, lenye injini ya sentimita za ujazo 3.5 inayozunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Asubuhi za baridi injini hiyo hupashwa moto kwa draya yangu ya nywele. Mafuta yake ni methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, na humo ndani mna nyonyo, nyonyo ile ile niliyopakwa utosini nikiwa mdogo. Tangu Februari 2021 sheria ya Umoja wa Ulaya inamkataza raia wa kawaida kununua mchanganyiko wenye nitromethani zaidi ya 16% bila kibali, kwa kuwa kemikali hiyo inaweza kutengenezewa vilipuzi. Mume wangu alinisomea habari hiyo kwa majonzi ya mtu anayesoma tanzia. Mimi nilimuuliza tu kwa nini kitu kinachoogopwa na serikali kikae rafu moja na mafuta yangu ya alizeti. Galoni likahamia stoo ya chini siku hiyo hiyo.

Kiini cha ugomvi ni tangi. Kanuni za mbio hizi zinaruhusu tangi la sentimita za ujazo 125 tu, na mafuta hayo huisha kwa dakika nane au kumi hivi. Fainali ya kwetu klabuni ni nusu saa. Ya ubingwa wa dunia, kama ile ya Las Vegas ya mwaka 2016 aliyoshinda David Ronnefalk wa Sweden, ni saa nzima. Hakuna ujanja, lazima gari liingie piti likanyweshwe, tena injini ikiwa inanguruma. Dereva hulisimamisha mbele ya mjazaji. Mjazaji hulidaka, hufungua kifuniko cha springi, huchomeka mdomo wa chupa, hukamua, huchomoa na kuliachia. Wazoefu humaliza kwa sekunde mbili tatu. Kifuniko kisipofunga sawasawa, presha inayotoka kwenye eksozi kwenda tangini huvuja, na injini haipati mafuta ya kutosha. Ukimwaga, methanoli huilowesha eksozi yenye moto, na ikiwaka mchana wa jua huenda usiuone moto wenyewe mpaka ukuunguze.

Kazi hiyo ilikuwa ya mume wangu mpaka mgongo wake ulipokataa. Aliinama kuokota bisibisi, akabaki ameinama. Daktari akasema apumzike, asipige magoti wala asibebe kitu. Kijana wetu, mwenye miaka kumi na mitano na huruma ya umri huo, akauliza, "Sasa Jumapili nani atanijazia?" Wote wawili wakanitazama. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimia kutoka Tanga, naye akanitazama.

Basi mazoezi yakafanyika koridoni. Kwa kuwa nilikataa methanoli ndani ya nyumba, tulitumia maji. Kijana alilisukuma gari kutoka mlango wa jikoni, mimi nikiwa nimejifunga khanga kiunoni, nimepiga magoti kwenye zulia, chupa mkononi. Hiyo si chupa ya kawaida. Mdomoni ina vali ya springi inayofunguka inapokandamizwa kwenye tangi, na ukiichomoa hujifunga isidondoshe hata tone. Naomba msomaji aikumbuke vali hiyo. Mume wangu alilala kochini akishika saa ya simu na kutangaza sekunde. Mama mkwe aliketi pembeni na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akasema, "Watu wanalipa nauli ya ndege kuja Ulaya kumwagilia zulia."

Jumapili kulikuwa na jua la kupunguza jaketi. Mume wangu alitembea wima kama mlingoti, akijaza chupa mafuta na kutoa amri. Gari likawashwa kwenye boksi lake la kuwashia, likapiga mizunguko ya kupasha moto, tangi likajazwa kwa chupa ya zamani, na fainali ikaanza. Dakika ya saba mume wangu akapaza sauti kuelekea jukwaani, "Mzunguko huu, ingia!" Likaja. Nikalidaka, nikafungua, nikakamua, nikaliachia. Sikumwaga tone. Baba mmoja wa jirani, mtu asiyesema hovyo, alinyanyua kidole gumba.

Gari likafika kona ya pili, likakohoa na kuzima.

Msaidizi wa uwanjani akaja nalo mbio. Likawashwa, likanguruma, likazima. Plagi ikabadilishwa. Likazima tena. Injini hizi hazina cheche ya umeme. Waya wa platinamu ulio ndani ya plagi hubaki mwekundu kwa kukutana na methanoli kila mzunguko, ndiyo maana injini ikishawaka haihitaji betri. Maji yakiingia, waya hupoa na kila kitu hukoma. Na methanoli huchanganyika na maji kabisa, usione mstari wala tone. Unaweza kuikodolea macho chupa siku nzima usigundue neno.

Wanaume wakabishana kuhusu kabureta. Kijana akateremka jukwaani machozi yakimlengalenga. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa juu ya kiti cha kukunja na blanketi magotini, akamwita mwanawe taratibu.

"Baba, chupa ile mliyokuwa mkichezea maji, mliikausha?"

Hakuna aliyejibu. Kijana akamtazama baba yake.

"Niliisafisha," akasema mume wangu. "Niliisimamisha kichwa chini usiku kucha ichuruzike."

"Ulifungua kifuniko cha nyuma cha chupa?" akauliza mama yake.

Hakufungua. Vali ya springi ilikuwa imefungwa vizuri kama ilivyoundwa, na maji yalikaa humo mpaka asubuhi, naye akamimina mafuta juu yake.

"Uliisimamisha wapi?" nikauliza mimi.

"Kwenye raki ya vyombo."

Tukamwaga tangi, tukasuuza kwa mafuta mapya, nikarudi kupiga magoti. Tulikuwa nyuma kwa mizunguko isiyosemeka, lakini gari lilikimbia, nami nikalijaza tena na tena bila lawama mpaka filimbi. Tukawa wa mwisho. Njiani kurudi, mama mkwe aliendesha kesi akiwa kiti cha nyuma. Mshtakiwa, aliyeshindwa hata kugeuza shingo ili ajitetee, alikiri kosa la chupa, akalikana la raki, akahukumiwa kununua raki mpya pamoja na masufuria mawili ambayo mimi sikuyadai.

Mgongo ulipona kabla ya mbio zilizofuata. Mume wangu akanyoosha mkono kuichukua chupa, na kijana, bila kuinua macho kwenye rimoti yake, akasema, "Mama ajaze. Wewe shika saa." Hilo analiweza, ila hupiga kelele mno, na kila ninapopiga magoti hunikumbusha kifuniko cha nyuma.