Breki Zenye Masharti

Baiskeli ya mlimani ya mitumba inayotoka Ujerumani au Uholanzi huja Nairobi na siri kwenye usukani. Mkenya aliyejifunzia baiskeli ya Black Mamba ya babu yake amezoea kwamba mkono wa kulia ndio unaokamata gurudumu la mbele. Huko inakotoka hii ya mitumba, breki ya mbele iko kushoto. Mhasibu mmoja wa Lang'ata aliligundua hilo kwenye mteremko wa Ngong, alipobana kushoto kwa nguvu zake zote akidhani anapunguza mwendo kistaarabu kwa gurudumu la nyuma. Baiskeli ilisimama palepale. Yeye aliendelea na safari.

Alitoka na michubuko tu, ila mkono wa breki ulikatika na mafuta yake yakavujia diski. Akaamua kununua breki mpya, seti nzima, mbele na nyuma. Alimwambia mkewe ni kazi ya Jumamosi asubuhi, kisha waende harusini Thika.

Alizichagua kwa picha. Kalipa, yaani vibanio vya diski, zilikuwa nyekundu, zenye pistoni nne kila moja, na zilimkaa rohoni. Diski nazo alizipandisha kutoka milimita 160 hadi 180, maana kubwa ni kubwa. Hapo hakukosea sana: kwa mbano uleule wa vidole, diski ya 180 huongeza nguvu ya kusimamisha kwa takriban moja ya nane, na diski kubwa hutawanya joto vizuri zaidi. Pedi alichagua za metali badala ya za resini kwa hoja kwamba chuma ni chuma. Hakuona maandishi madogo yaliyochongwa kwenye diski zake za bei nafuu, yakisema zinataka pedi za resini peke yake.

Jumamosi fundi wa baiskeli akazigeuza zile diski mkononi, akaangalia kitovu cha gurudumu, akaangalia tena diski.

"Mzee, haya matundu sita tutayafunga wapi?"

Kumbe diski zina koo mbili. Moja hufungwa kwa bolti sita zenye kichwa cha nyota, saizi T25. Ya pili, waliyoileta Shimano na kuiita Center Lock, huingia kwenye meno ya kitovu na kukazwa kwa pete moja. Kitovu cha mhasibu kilikuwa cha meno. Bahati yake ni kwamba kuna adapta ya kuivisha diski ya bolti sita kwenye kitovu cha meno. Angekuwa na kitovu cha bolti na diski ya meno, angerudi nyumbani na mapambo ya ukutani. Ikahitajika na adapta nyingine ya kuisogeza kalipa nje milimita kumi, kwa sababu diski imekua na fremu haikuambiwa. Harusi ya Thika walienda na matatu, wakakuta keki imekatwa.

Lakini kinachoua breki kwa haraka kuliko vyote ni mafuta, na hapa ndipo jirani anapoingia. Jirani huyu ni fundi wa matatu, mtu wa heshima, na kwake mafuta ya breki ni mafuta ya breki. Alipoona mabomba yanahitaji kujazwa, alileta kichupa cha DOT 4 kilichobaki kazini. Alikuwa na nia njema kabisa.

Breki za Shimano na Magura hutumia mafuta ya madini. Za Hope, na nyingi za SRAM kwa miaka mingi, hutumia DOT. Familia hizi mbili hazioani hata kwa mahari ya ng'ombe mia. DOT hunyonya unyevu wa hewa: DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ila ikishalowa kiwango hicho hushuka hadi 155, na ikidondokea rangi ya fremu huibambua. Mafuta ya madini hayana tabia hizo, lakini mpira uliotengenezwa kwa ajili yake ukikutana na DOT huharibika. Zile nyekundu zilikuwa za madini. Siku chache baadaye mikono ya breki ilibanwa ikagoma kurudi, na seti nzima ikaishia kwenye ndoo ya vyuma chakavu bila kuona mlima.

Wazee wa mchezo wa baiskeli za mlimani nao waliteseka na breki kwa namna yao. Mwaka 1976, karibu na Mlima Tamalpais huko California, vijana walianza kushindana kushuka njia ya vumbi kwa baiskeli nzito za kizamani, ambazo breki yake iko ndani ya kitovu cha nyuma na hukamata ukikanyaga pedeli kinyumenyume. Kitovu kilipata moto hadi grisi ikageuka moshi, na wakifika chini ilibidi kukipakia grisi upya. Mashindano yakabaki na jina hilo hilo la kupakia upya: Repack.

Seti ya pili mhasibu aliinunua na chupa ya mafuta yake, pedi za resini, na breki ya mbele ikafungwa kulia. Ilipopiga kelele kidogo, fundi alimnyang'anya kopo la mafuta ya cheni kabla hajalipuliza kwenye diski. Kelele ingeisha kweli, pamoja na breki.

Kilichobaki ni kuzilainisha pedi mpya: mwendo wa wastani, bana taratibu bila gurudumu kufunga, achia, rudia mara ishirini hivi, ili pedi iache utando wake kwenye diski. Alifanyia zoezi hilo kwenye barabara ya mtaa wao, jioni, akiwa na kofia ngumu na magoti yamevishwa kinga. Askari wa geti alimtazama akienda na kurudi, kisha akamsimamisha.

"Mkubwa, hizo breki mpya zinashika?"

"Zinashika vizuri."

"Sasa mbona unajaribu kuzimaliza?"