Sifa za Mguu Unaotangulia

Washairi wamewasifu wafalme na warembo, lakini mguu unaoingia boksi kabla ya penalti kupigwa hakuna aliyeukumbuka. Hapa Isaka, penye bandari kavu na malori ya kwenda Rwanda yanayosubiri zamu, mguu huo ndio pekee usiosubiri, nami nausifu bila kinyongo.

Ni mguu wenye maono. Sheria ya 14 inataka wachezaji wote, ukiwatoa mpigaji na kipa, wakae nje ya boksi, mita 9.15 kutoka kwenye mpira, mpaka upigwe. Mguu huu una habari mapema. Mpigaji bado anapangusa vumbi kwenye mpira, wenyewe umeshajua utagonga mwamba, utarudia wapi na nani atamalizia. Ungepelekwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakulima wa pamba wangejua mvua inaanza Jumanne ipi. Wachimbaji wa Geita wangeutembeza porini tu: uliposimama, chimba. Tena unapasha mwili joto, na unafuta mstari wa majivu bure bila kudai posho.

Wamarekani hawajaonja neema hii. Katika ule mpira wao wa kubeba mikononi, mchezaji wa timu inayoshambulia akishtuka tu kabla mpira haujaanzishwa, timu nzima inarudishwa yadi 5. Roho mbaya hiyo.

Mimi ni kipa. Tangu 2019 kanuni imetulegezea: sehemu ya mguu mmoja ikiwa mstarini mpira unapopigwa, yatosha. Basi mwamuzi wetu anaukodolea huo mmoja kama karani wa mizani siku ya kununua pamba. Nikidaka, filimbi. Rudia! Jamani, na wale sita waliokwisha kuingia boksi, mmoja ananipumulia kisogoni? Hao hawaoni. Wamevaa jezi za mfadhili aliyetoa mbuzi wa zawadi, aliyelipa nauli ya mwamuzi, aliyemwagizia na wali kuku mchana kwa mama ntilie, tukiwa tunatazama.

Hapo sifa zinanipalia. Mguu unaenda unakoruhusiwa, hauna kosa. Jicho linaloona mguu wangu mmoja likaruka miguu 12 ya wengine, hilo limenunuliwa.

Waandaaji, fainali inakaribia. Nauli ya mwamuzi zichange timu zote mbili, akabidhiwe mbele ya manahodha, na chakula ale baada ya mechi.